Ndiyo, Nimeelewa

Mimi ni mshonaji, lakini mtaa mzima umenigeuza kamusi. Kosa langu ni kuwahi kufundisha Kiingereza kabla sijanunua cherehani. Napima kiuno cha mteja, pini nimezibana mdomoni, mara mtu huyo mlangoni na karatasi!

Jana alikuja fundi bomba na mkataba wa kazi ambao alikwisha kuutia sahihi.

"Samahani, mwalimu. Hili neno lina maana gani?"

"Bosi wako hukumuuliza?"

"Aliniuliza yeye kama nimeelewa. Nikasema ndiyo."

Nilitema pini. "Ndiyo ya nini wakati hujaelewa?"

"Sasa ningemwambiaje, mbele za watu?"

Ndivyo walivyo wote! Ofisini wanatikisa vichwa kama mijusi, halafu wanakuja kunitoa roho mimi. Nikamweleza neno lake, nikamkaripia, nikamkumbusha kwamba kuuliza si ujinga. Akaondoka amenywea.

Leo asubuhi nimekwenda kuchukua majibu ya vipimo vyangu. Daktari ni kijana niliyemfundisha mwenyewe, kuanzia herufi ya kwanza. Akanisomea maneno marefu ya Kiingereza ambayo sijawahi kuyasikia tangu nizaliwe. Kisha akatabasamu.

"Nadhani umeelewa, mwalimu?"

"Ndiyo," nikasema, nikatikisa na kichwa.

Sasa nimekaa kwenye cherehani, karatasi ya hospitali mapajani. Kamusi yangu nimeipekua yote, haina hata neno moja kati ya hayo. Fundi bomba anapita, anaiona karatasi.

"Daktari kasemaje, mwalimu?"

"Kasema muache kunisumbua!"