Viegemeo Kumi na Viwili vya Bwana Nilijua

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika hata na jamaa zake. Watu walimwita Nilijua, na yeye alidhani ni sifa. Gari la mtu likizimika njiani, alijua. Mvua ikinyeshea nguo kambani, alijua. Jirani alipokimbiwa na mkewe, Nilijua alifika wa kwanza kumpa pole na kumwarifu kwamba yeye jambo hilo aliliona tangu siku ya harusi. Ajabu ni kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akitamka lolote kabla mambo hayajatokea.

Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa mkaguzi katika bohari ya idara ya maji. Kazi yake ilikuwa kupokea mabomba, koki na bolti, kuvitazama kwa jicho moja huku jingine amelifumba, kisha kuvikataa. Yeye mwenyewe hakuwahi kutengeneza kitu hata kimoja kwa mikono yake, na kwa sababu hiyo kazi yake haikuwahi kukataliwa na mtu. Alipostaafu aliondoka na saa ya ukutani, cheti chenye jina lililokosewa herufi mbili, na ndoo ya bolti na nati ambazo, kwa maelezo yake, zilimfuata zenyewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na alishonea sebuleni. Alivumilia miezi mitatu ya kukaguliwa mishono, wa nne ukamshinda. Akamnunulia mumewe fimbo ya kuvulia na kumwonyesha njia ya bwawani.

Huko kulikuwa na chama cha wavuvi wa ndoano, wanaume kumi na wawili pamoja naye, ambao wake zao nao walikuwa wamechoka. Mwenyekiti alikuwa mfamasia mstaafu, mtu mpole asiyependa ugomvi. Mwanawe alikuwa amemletea kutoka ng'ambo kiegemeo cha fimbo: mguu wa chuma wa kuchomeka ardhini, na juu yake kichwa chenye panda, mahali pa kulaza fimbo wakati mvuvi anangoja samaki. Kichwa kilikazwa kwenye mguu kwa hesi, yale meno yanayoizunguka bolti kama ngazi ya mnara. Wenzake wote walilaza fimbo zao juu ya mawe, au walizishikilia mpaka mikono ikafa ganzi, kwa hiyo wakakizunguka kile kitu wakikishika kwa zamu.

Nilijua alikipokea, akafumba jicho moja, akasema ni kazi ya kawaida sana. Papo hapo, bila kuombwa, akaahidi kutengeneza vingine kumi na viwili kabla ya mashindano ya mwezi uliofuata, pamoja na kimoja cha mwenyekiti, aliyekuwa nacho tayari. Tena kila kichwa kingeingia katika kila mguu, ili mtu akipoteza kimoja aazime kwa jirani yake. Wakampigia makofi. Mdomo ulikuwa umeshakiponza kichwa, ila kichwa hakikuwa na habari.

Kazi aliianza vizuri. Alinunua nondo, akazikata kwa msumeno vipande kumi na viwili, akakunja panda kumi na mbili zilizofanana kama vidole vya mkono mmoja, yaani hazikufanana. Kisha akachagua bolti na nati kutoka kwenye ndoo kwa kuzitazama tu. Mchomeleaji wa mtaani alimchomelea bolti kwenye ncha ya kila mguu na nati chini ya kila panda, baada ya kumuuliza mara mbili kama vimejaribiwa. Alijibiwa kuwa jicho la mkaguzi halihitaji majaribio.

Vilipopoa, vichwa vitatu viliingia. Tisa vilizunguka mara mbili, vikakwama.

Nilijua alileta grisi. Grisi iliposhindwa akaleta spana, na spana ilipoanza kuteleza akaleta nyundo. Alikuwa uani katika hali hiyo, jasho likimtiririka, alipofika mdogo wa mkewe kujaribu gauni lake. Shemeji huyo alikuwa fundi wa kukereza vyuma, mwenye karakana yake nyuma ya soko. Aliinama, akaokota mguu mmoja.

"Shemeji, nati hii umeiingiza kwa kitu gani?"

"Kwa spana. Kwani huoni?"

"Nati njema huingia kwa vidole. Ukihitaji spana kabla haijafika mwisho, ujue hao wawili si ndugu."

Akatoa mkobani kipimo chenye vibati vyembamba, kila kimoja na meno kama ya kitana, akakilaza juu ya bolti. Akamwonyesha kwamba baadhi ya bolti zake zilikatwa kwa inchi na nyingine kwa milimita. Unene ulikaribiana, lakini nafasi kati ya jino na jino ilikuwa tofauti. Kwa hiyo bolti na nati huamkiana mzunguko wa kwanza na wa pili, kisha kila moja hushika njia yake. Alisema avikusanye vyote avipeleke karakana, naye angevikata upya kwa hesi moja asubuhi moja tu.

"Mimi nimekagua bolti kabla wewe hujajua kushika kijiko," Nilijua alimwambia.

"Sawa, shemeji. Nimesema."

Akaingia ndani kupimwa gauni. Mkewe Nilijua, aliyekuwa amebana pini mdomoni, alicheka puani hadi nusura ameze moja.

Wiki mbili zilizofuata Nilijua alivilazimisha vile vyuma kama mtu anayeozesha maadui. Kila kichwa kilichokubali mguu fulani, hata kwa kuinama upande, alikiandika namba ya rangi nyeupe, na mguu wake namba ileile. Kichwa cha saba kilijua mguu wa saba peke yake. Ile ahadi ya kuazimana hakuigusa tena, mpaka asubuhi ya mashindano alipoitoa upya katika hotuba, kwa sauti, mbele ya wavuvi na wake zao.

Alikuwa amevifungua vyote ili vienee guniani. Njiani grisi ilikuwa imekula rangi ya namba. Wanaume wengine kumi na mmoja wakapewa kila mtu kichwa na mguu kama vilivyotoka, wakachuchumaa kando ya maji wakizungusha na kuguna. Mwenyekiti alipuliza filimbi ya kuanza, na bado watu tisa walikuwa wanahangaika. Kinyozi wa chama alijaribu vichwa vinne, akavishukuru, akaenda kukata tawi lenye panda kichakani. Mwenyekiti naye, kwa heshima, alikiacha kile cha ng'ambo kwenye mfuko akakaa ameshikilia fimbo mkononi.

Nilijua alikuwa amejichagulia kimoja kati ya vile vitatu vilivyoingia. Kilisimama wima, akakaa nyuma yake amekunja mikono. Saa nne hivi, fimbo yake ilipinda ghafla kama upinde. Kile kichwa kiliingia kirahisi kwa sababu kilikuwa kimeshikwa na meno mawili tu yaliyolika, na hayo nayo yakakata tamaa. Kikaruka, fimbo ikateleza kwenye matope, ikaingia majini na kuelekea katikati ya bwawa kwa mwendo wa mtu anayewahi miadi. Watu walisimama wakaisindikiza kwa macho. Baadaye kila mmoja alisema yule ndiye aliyekuwa samaki mkubwa wa siku hiyo, na kinyozi, aliyeshinda kwa kambare wa kawaida, alilisema mara nyingi kuliko wote.

Nilijua alieleza kuwa bolti za siku hizi ni feki. Hakuna aliyembishia, na hilo lilimuuma zaidi kuliko fimbo.

Jumatatu alikwenda karakana na gunia lake begani na ile ndoo ya bohari mkononi. Shemeji hakumcheka. Alimpa kigoda, kile kipimo cha meno, na ile ndoo aliyokuja nayo, akamwambia atenge inchi huku, milimita kule, na zilizokufa kwenye pipa. Ilimchukua siku tatu. Pipa lilijaa kuliko alivyotarajia, na siku ya pili akaacha kufumba jicho moja.

Viegemeo vipya viligawiwa bwawani mwisho wa mwezi, na vichwa vilihama kutoka mguu hadi mguu bila taabu. Nilijua alisimama, akasema vile vya kwanza vilikuwa vya majaribio. Mfamasia akauliza, kwa upole wake, hesi hizi amezikata nani.

Nilijua aliyageukia maji. "Shemeji yangu," akasema, chini chini.

"Sikio langu hili halisikii vizuri," kinyozi akasema. "Rudia."

Akarudia, akakaa.

Siku hizi kila Jumatano huenda karakana kumsaidia shemeji kupokea kazi. Kipimo kile hukining'iniza shingoni kwa kamba, na mteja akileta bolti na nati mchanganyiko humrudisha nyumbani akazitenge kwanza, baada ya kumweleza habari za inchi na milimita kwa dakika arobaini. Wateja wazoefu wamejua dawa yake. Hukaa ng'ambo ya barabara mpaka atoke kwenda kunywa chai, kisha huvuka mbio, na shemeji huwapokea kwa mlango wa nyuma, asiwaone akirudi.