Ndoo Nyeupe ya Bi Tatu

Bado naiona asubuhi ile kule Al Warqa, huku huku Uarabuni, madam amesimama kwenye mlango wa jiko, simu mkononi, uso umembadilika. Nilikuwa binti mbichi kutoka Tanga, nimekuja kulea watoto wake. Mpishi wa nyumba alikuwa Bi Tatu, mwanamke wa Pemba, na macho ya madam yalikuwa kwake.

"Tatu," akasema, "jirani ameona mmea juu ya paa letu. Anasema ni hashishi."

Mwanangu, maana wewe ni mwanangu ingawa sikukuzaa, nakuhadithia haya kwa sababu ya neno ulilolitupa juzi ulipokuja kunisalimia. Ulisema, "Mama, kuna jamaa yangu tunalinda naye majengo kule Jumeirah Lakes Towers. Anataka kupanda mche mmoja tu wa bangi kwa balkoni, ajifunze polepole. Akikosea, si anaanza tu tena?" Ukacheka. Mimi sikucheka. Leo nakujibu, ila univumilie, maana itabidi nianzie kwenye ndoo.

Bi Tatu alikuwa na hamu ya kisamvu. Wali ulikuwapo, nyama ilikuwapo, lakini yeye alitaka majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa nazi. Mtunza bustani wa mtaani kwetu, Mhindi wa Kerala aitwaye Thomas, kwao pia wanakula muhogo, akampa kijiti cha kupanda. Bi Tatu akakichomeka katika ndoo tupu ya rangi, akaipandisha paani, akamwagilia asubuhi na jioni. Kikaoza.

Ningekuwa mimi, ningetupa ndoo na kijiti chake. Yeye alikaa chini, akakichomoa, akakinusa.

"Kimezama maskini," akasema. "Nakinywesha kama mgonjwa, na ndoo haina hata tundu."

Akapasha msumari moto, akatoboa chini ya ndoo, akaomba kijiti kingine. Hicho kilichipua, tukashangilia. Kisha jua la kiangazi likakibabua mpaka majani yakawa kama karatasi. Nikamwambia aache, nchi hii haitaki muhogo.

"Nchi ina kosa gani?" akanijibu. "Ndoo nyeusi, saruji inawaka, ukuta unawaka, na mimi nimekiweka katikati. Wewe ungepona?"

Akangoja joto lipungue. Akaipaka ndoo rangi nyeupe, akaiweka nyuma ya tangi la maji, penye kivuli cha mchana. Safari hii mmea ukakua mpaka ukachungulia juu ya ukuta. Nilimpenda kwa hilo. Hakununa, wala hakumlaumu Thomas na vijiti vyake. Alitaka kujua mmea umekufa na nini, akalirekebisha hilo, akaanza upya.

Sasa rudi nami jikoni. Jani la muhogo limegawanyika kama vidole, na asiyelijua, akiliona kwa mbali, anaweza kudhani ni bangi. Na unaijua nchi hii. Polisi wangeitwa, kazi ya Bi Tatu ingekwisha siku hiyo, na yangu pamoja nayo, na kabla muhogo haujatambuliwa tungelala mahali nisipotaka kupataja.

Nikamnong'oneza, "Bi Tatu, nipande paani nikaung'oe haraka?"

Akanikazia macho. "Ukaung'oe, umeuiba? Wewe nawe! Ukiung'oa ndipo utakapokuwa bangi."

Akapanda mwenyewe. Akashuka na ndoo kifuani, majani yakimpiga usoni, akaiweka sakafuni mbele ya madam.

"Madam, huu ni muhogo. Majani yake kwetu ni mboga. Mwite Thomas, au mwite umtakaye, autazame. Lakini kosa ninalo. Paa ni lako, na mimi nimepanda bila kukuuliza."

Thomas akaitwa. Kuiona tu ile ndoo, akaangua kicheko. "Kappa, madam! Kappa!" ndivyo wanavyouita muhogo kwao. Akavunja jani, utomvu mweupe ukatiririka kama maziwa, akaeleza kuwa bangi haitoi maziwa namna hiyo.

Madam akashusha pumzi. "Khalas," akasema, yaani basi, yamekwisha. Kisha, kwa sauti ya chini, "Ungeniambia, Tatu. Ningekupa mahali."

Basi hata kosa hilo Bi Tatu alilichomoa akalinusa kama kile kijiti. Jioni ile ile alimwomba madam amwonyeshe mahali, akaihamishia ndoo karibu na geti, kila apitaye aione. Majani yalipokuwa ya kutosha alipika kisamvu, akampelekea jirani bakuli. Kama alikila sijui, lakini bakuli lilirudi limejaa tende.

Mwanangu, hili ndilo jibu langu. Kukosea na kuanza tena ni jambo jema, na sijaona aliyelifanya vizuri kama Bi Tatu. Lakini yeye alichagua kitu ambacho kosa lake linaishia ndani ya ndoo. Muhogo ukioza, umepoteza kijiti, na Thomas atakupa kingine. Bangi hapa tulipo, hata ukiitunza bila kukosea tone moja la maji, ni kosa tangu mbegu, na hakuna wa kukupa kijiti cha pili. Mwulize jamaa yako: siku mwenye nyumba au polisi wakigonga, ataweza kuishusha ndoo yake mchana kweupe na kuiweka mbele yao? Asichoweza kukiweka getini asikipande.

Na kama mikono inamwasha kulima, mlete hapa kwangu Al Twar. Nina ndoo nyeupe, matundu nimeshatoboa, na kisamvu changu kinahitaji kijana wa kukitwanga.

Mungu akupeni mikono inayootesha, wewe na mwenzako. Akupeni makosa madogo ya kujifunzia, na akuepusheni na lile lisilo na kesho. Na siku ya kurudi kwenu ikifika, mrudi kwa miguu yenu, mizigo mikononi, mama zenu wakiwapokea kwa kicheko. Amina.