Chai ya Shangazi Sau-king

Hapa kwetu Sham Shui Po, kitu kilichopitwa na wakati tunakiita ganda kavu la chenza. Vijana wanalitumia neno hilo ovyo, na siku Hoi-ching alipolirusha kwa shangazi yake Sau-king, mimi jirani yao nilitamani kumzaba kofi.

Sau-king alimlea binti yule tangu kaka yake, baba wa binti, alipofariki na mama mtu akajiendea zake Kanada, asirudi. Alimsomesha kwa kuuza vifungo na zipu kwenye kibanda barabarani. Hakuolewa. Alitaka kitu kimoja tu: asubuhi ya harusi, Hoi-ching apige magoti sebuleni kwao na kumpa kikombe cha chai kwa mikono miwili, kama bibi harusi anavyompa mzazi. Alishanunua bangili za dhahabu za kumvisha, na mto mwekundu wa kupigia magoti.

Alipomwomba, binti hata hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Shangazi, hayo ya chai ni ganda kavu la chenza. Nani anapiga magoti siku hizi? Tukutane hotelini tu."

Mimi nilimkemea, nikajibiwa kuwa hayanihusu.

Basi siku ya harusi tukaenda hotelini. Kabla ya chakula mama wa bwana harusi alikalishwa kitini, mto ukawekwa, na Hoi-ching yule yule akapiga magoti mbele yake na kikombe, sauti tamu kama asali: "Mama, karibu chai." Watu wakapiga makofi. Kumbe magoti anayo! Ila yana wenyewe.

Sau-king aliinuka, akachukua mkoba wake wenye zile bangili na kutoka. Nilimfuata hadi kwenye lifti. Alikuwa amewaka hasira, naye ni mtu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti.

"Kumbe chai haijapitwa na wakati," akaniambia. "Niliyepitwa ni mimi."

Mara Hoi-ching akaja mbio, gauni kalishika mkono mmoja, kikombe mkono mwingine, chai inamwagika. Akamnyooshea kikombe akiwa amesimama. Nyuma yake wageni walikuwa wamejaa mlangoni.

"Shangazi, chukua basi. Watu wanatuangalia."

Sau-king akaingia kwenye lifti.

"Ndiyo maana umeileta," akasema, akabonyeza kitufe.