Sala Iliyozidi Nusu Dakika

Msusi alikuwa na dakika tatu tu, na ukumbi mzima wa kanisa ulijua hii ndiyo ya mwisho kwake. Shindano la mashairi ya Kikristo mwisho ni miaka thelathini na tano, na mwezi ujao anagonga thelathini na sita. Mara nne ameshiriki, mara nne amerudi saluni akasuka huku wateja wakimpa pole za kinafiki. Mshindi wa leo anakwenda fainali ya taifa. Wa pili anakwenda nyumbani.

"Dada, usiongeze maneno," mdogo wake alimnong'oneza, akimfuta jasho kama bondia. "Wewe ukishangiliwa unakuwa bomba bovu. Ukizidisha muda wanakata maksi mbili."

"Nimekusikia, mama mkwe."

Akapanda jukwaani mikono mitupu; karatasi na simu marufuku. Shairi lilikuwa la Petro kumkana Bwana wake, na alikuwa amelipima mwezi mzima, kichwa cha mteja mkononi, saa mbele ya kioo. Dakika ya kwanza, kimya. Ya pili, mtu akadakia, "Haya sasa!" Ya tatu akaingia kwenye sala ya kufungia:

"Bwana, jogoo wangu huwika kila asubuhi,
nami huamka nikimtafutia kisu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika vizuri. Watu wa kanisani ukiwatamkia "Bwana" kwa sauti ile, vichwa vinainama vyenyewe. Ukumbi ukafumba macho. Majaji wakafumba. Mzee shemasi, mtunza muda, mkono juu ya kengele, naye akafumba, midomo inacheza. "Ndiyo, Bwana," wakaitikia, na bomba likafunguka. Msusi akaongeza ubeti. Akaongeza na mwingine.

Alipofika "amina" akatupa jicho saa ya ukutani. Dakika tatu na nusu! Na mstari wa mbele kulikuwa na macho mawili yamemtumbulia: Barafu, fundi friji, mshiriki wa mwisho.

Kengele haikulia. Majaji wakatangaza: "Ishirini na tisa juu ya thelathini!" Vigelegele.

Barafu akapanda, na Msusi hakusikia hata neno lake moja. Huyu ameona. Akimaliza tu, anasema. Nikimtangulia, fainali kwaheri. Nikinyamaza akanichoma, kwaheri mpaka uso wa kutokea nje.

Barafu akapata ishirini na nane. Akashuka. Akakaa. Kimya. Hicho kimya ndicho kilichomtoa Msusi roho.

"Na mshindi wetu..." mshereheshaji akaanza.

"Ngojeni!" Sauti ilitoka kama ya mtu aliyekanyagwa kidole. "Nilizidisha. Nusu dakika nzima."

Wote wakamgeukia shemasi. Mzee akajikunyata. "Mwanangu, mimi nilikuwa nasali na wewe."

Watu wakaangua kicheko. Majaji hawakucheka; wakanong'onezana, wakakata mbili. Ishirini na saba.

"Dada, umerogwa?" mdogo wake akamvuta nguo. "Humu humu kanisani?"

Wanaotoa ushuhuda husema ukiungama, amani inashuka. Yake labda ilipotea njia. Alichosikia ni hamu ya kuing'oa saa ukutani. Hata hivyo akaenda kumpa Barafu mkono.

"Hongera. Ungesema mapema tu, usingenitesa."

"Ningesema nini?"

"Si uliona muda umepita! Ulinitumbulia macho."

"Muda gani, dada? Ubeti wangu wa tatu ulikuwa umenitoka kichwani. Nilikuwa nautafuta hewani."

Msusi akaduwaa, mkono bado mkononi mwake. Kumbe hakuna aliyejua. Hata mmoja! Alitaka kulia, kikatoka kicheko kibaya, mpaka akashika ukuta.

"Ukaupata?"

"Wapi! Nilirudia wa pili, nikaongeza sauti."

Msusi akamtazama kama anavyotazama kichwa kilichosukwa ovyo na mtu mwingine.

"Jumatatu uje saluni," akasema. "Fainali huendi na shimo hilo."