Mkaa wa Mifupa wa Hanna

Hanna hakuwahi kuiona bahari, na bado bahari pekee iliyokuwapo Arusha mjini ilikuwa mikononi mwake. Nasema hivi kwa aibu, maana mimi Swabaha, mzaliwa wa Kaloleni ya hapahapa Arusha na mjukuu wa watu wa Tanga, nilikaa mapokezi ya hoteli aliyofanyia kazi nikijiona ndiye mwenye haki na bahari hiyo.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila aliyekuwa na chochote alifungua duka, na bosi wetu, Bwana Muzammil, akafungua hoteli. Pale mapokezi akaweka tangi la kioo refu kama kitanda, lenye maji ya bahari, samaki saba na matumbawe hai ya zambarau na njano. Maji yaliletwa kwa mapipa kutoka Tanga na dereva wetu, mzee Sadoki. Fundi wa kutoka Dar alipomaliza kulifunga, aliuliza nani atalitunza. Sisi wa mapokezi tukatazamana. Hanna, aliyekuwa anapiga deki, akasema, "Nionyeshe mimi."

Tulicheka. Mama wa kijijini Nduruma, mkulima wa nyanya, atajua nini cha bahari? Hanna alikausha mikono akamfuata fundi.

Alifundishwa mengi, lakini lililomwingia moyoni ni mkaa. Ulikuwa mkaa maalumu wa kuchujia, punje nyeusi ndogo, unaagizwa ng'ambo. Samaki na matumbawe hutoa uchafu wao, na baada ya muda maji huwa na rangi ya chai hafifu. Mkaa ule huunyonya uchafu na kuyarudisha maji meupe. Kila mwezi Hanna aliosha mkaa mpya kwenye ndoo, maji ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba, vumbi jeusi liishe kabisa. Kisha aliutia kwenye mfuko wa kitambaa na kuuweka njiani mwa pampu. Hakuruka hata mwezi mmoja.

Maji Hanna aliyajua kwa uchungu. Kisima cha kwao kina floraidi nyingi, ndiyo iliyompa meno ya kahawia na kumfanya acheke akiwa amefunika mdomo. Binti yake wa kwanza, Catherine, ilimwingia mpaka kwenye mifupa, akakua na matege. Kufika shule kulimchukua saa nzima, wenzake wakitumia nusu yake. Baadaye watu wa mradi wa maji walikuja kuwafundisha kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Godbless, aliyezaliwa baada ya hapo, alikunywa maji hayo na miguu yake ikanyooka. Hanna aliuamini mkaa ule kama alivyoamini ubatizo.

Halafu mzigo wa mkaa wa ng'ambo ukachelewa. Mwezi wa kwanza tukavumilia, wa pili pia, wa tatu maji yakawa ya njano na wageni wakaanza kuuliza. Jumatatu moja asubuhi nilimwona Hanna akichambua punje nyeusi kutoka kwenye mfuko wa nailoni.

"Dada Hanna, hicho nini?"

"Mkaa wa nyumbani. Umemnyoosha mwanangu, kwa samaki utashindwa?"

"Tia tu," nikamwambia. "Bosi anataka maji meupe."

Siku mbili baadaye maji yalikuwa meupe pe. Bosi alimsifu mbele ya wageni, na Hanna akasahau kufunika mdomo.

Wiki ya tatu mwani ulianza kuota, kwanza kwenye kioo, kisha juu ya matumbawe, kijani kizito cha kuteleza. Hanna aliukwangua kila asubuhi na kila asubuhi aliukuta umerudi. Matumbawe yalijikunja, yakafa moja baada ya jingine, yakabaki meupe chini ya ule uchafu. Lilibaki moja tu, la ukubwa wa dole gumba.

Bosi alipandwa na hasira, na hasira yake ikamwangukia mzee Sadoki. Alisema amechota maji machafu bandarini kwa uvivu wa kwenda mbali. Mzee aliapa kwa Mungu. Bosi akamwambia Ijumaa akabidhi funguo za gari. Mimi nilijua kilichotiwa mle majini, nikanyamaza. Nilijidanganya kwamba si kazi yangu.

Ijumaa ile Sadoki alikuwa ameshaweka funguo juu ya meza yangu, Hanna alipokuja akasimama mbele ya bosi.

"Bosi, mzee hana kosa. Nilitia mkaa wa mifupa." "Nyumbani mifupa hiyohiyo tunaisaga, tunaweka kwenye nyanya. Ni mbolea. Nilijua ni mbolea, bosi, ila niliwaza miguu ya watoto wangu tu. Huo mwani nimeulisha mimi."

Bosi alimpigia simu fundi wa Dar, naye akasema mama amesema kweli. Bwana Muzammil aliweka simu chini.

"Nani mwingine alijua?"

Nilishika kalamu kwa nguvu. Hanna hakunitazama hata kidogo.

"Nilikuwa peke yangu."

Sadoki alirudishiwa funguo. Hanna alirudishwa kwenye deki. Tangi nilipewa mimi, kwa sababu tu ni mtu wa pwani, mimi ambaye bahari nimeiona mara mbili maishani.

Siku kumi baadaye mzigo ukafika. Bosi alikuwa ameuagiza tangu zamani, na juu ya boksi jina liliandikwa kwa herufi kubwa: BI. HANNA SAKAYA, MTUNZA MATUMBAWE. Nilimwita Hanna, aliyekuwa akipiga deki ngazi. Alijifuta mikono kwenye kanga, akalisoma jina lake taratibu, akapitisha kidole juu yake. Kisha akaibandua ile karatasi, akaikunja, akaitia kifuani. Boksi akanisogezea.

"Uoshe mara saba, Swabaha. Usije ukaishia ya tano."

"Dada Hanna, mimi nilikuona siku ile. Nilikwambia utie."

"Najua," akasema, akainua ndoo yake.

Niliosha mara saba. Kufika ya tano sikuwa nikiyaona maji kwa machozi.