Timu Tuliyoipanga Rasbura

Valentini alikuwa mwoga. Nasema hivyo nikiwa rafiki yake wa miaka kumi na minane, na mwenyewe hakubishi. Aliogopa mbwa, sindano, bahasha za serikali na kikao chochote kinachoanza kwa kuchagua mwenyekiti. Aliteremka kutoka Mtama akiwa kijana, akaajiriwa na shirika moja la umma kutunza kiwanja chao cha tenisi kule Rasbura, mjini Lindi. Shirika lilipouzwa, mabosi walikwenda zao, samani zikaondoka, hata milango ikang'olewa. Valentini akabaki anamwagilia kiwanja kila alfajiri, maana aliogopa kuuliza kama bado ana kazi.

Kiwanja kilikuwa cha udongo wa kichuguu, uliotwangwa, ukachekechwa na kushindiliwa kwa pipa lililojazwa zege. Mistari aliichora kwa chokaa. Hapo ndipo mwanawe wa pekee, Lukas, alipojifunza kucheza, na kutoka hapo akaitwa Dar es Salaam kwenye kambi ya timu ya taifa. Wachezaji sita waliitwa kambini. Wanne ndio wangesafiri kwenda Zambia kucheza ugenini, na kiwanja cha huko, tuliambiwa, ni cha udongo.

Basi mnaweza kufikiria mashabiki wa tenisi Lindi walivyovimba vichwa. Tulikuwa wanne tu: Valentini, Mfaume muuza mitumba, ambaye hajawahi kushika raketi lakini hakuna asichokijua, Sista Bertha, muuguzi aliyecheza kidogo alipokuwa masomoni, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi. Kila jioni tulikaa kwenye benchi la kiwanjani tukapanga timu ya taifa bila mtu kutuomba.

Ubishi wetu wote ulikuwa juu ya nafasi moja, Lukas au Abilahi. Abilahi alikuwa nahodha wa zamani, mrefu, anaanzisha mpira kama anayepasua kuni. "Hiyo ni kwenye saruji!" Mfaume alifoka. "Udongoni mpira unalala, unapoteza kasi. Unataka miguu, unataka subira. Lukas kazaliwa udongoni!" Bertha aliongeza kwamba goti la kulia la Abilahi limekwisha, alilisoma hilo kwenye gazeti moja kati ya haya mapya yanayoota kila siku. Mimi nilikuwa mkali kuliko wote. Nilisema kumpeleka yule mzee Zambia ni kutupa nafasi bure, na nilisema kwa sauti.

Valentini alisikiliza, akatabasamu, akasema kwa aibu, "Udongoni, Lukas ni bora." Ndiyo mara pekee nilipomsikia akisema jambo bila kuogopa.

Halafu mvua za Aprili zikaja kwa hasira. Barabara ikakatika Rufiji, magazeti yakakoma, na tangu Jumapili simu nazo zikawa kimya. Timu ikatajwa, ikasafiri, na sisi hatukujua ni nani wamo.

Alhamisi tulikusanyika kiwanjani kusikiliza taarifa ya habari ya saa saba mchana kwenye redio ya Mfaume. Shule zilikuwa zimefungwa kwa Pasaka, na Bertha alikuwa ametoka zamu. Tulitaka majina tu. Msomaji alisoma habari za korosho, za wafadhili, kisha akasema basi dogo lililobeba timu ya taifa ya tenisi lilipinduka jana jioni huko Zambia. Mchezaji mmoja amefariki dunia. Wengine wamelazwa. Majina yatatangazwa baada ya familia kuarifiwa.

Valentini alikuwa ameshika ndoo ya chokaa. Hakuiangusha. Aliiweka chini polepole, akanyoosha kishikio chake, akauliza, "Kasema mmoja?"

"Mmoja," nikajibu.

Bertha alikimbilia ofisi ya simu, akarudi analia kwa hasira kwamba laini bado mbovu. Mfaume akaenda polisi kuomba waulize kwa redio ya upepo. Walimwambia wataulizia, aende akasubiri nyumbani. Akarudi kwetu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kusubiri nyumbani.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza upya, na naona haya kuusimulia.

"Hawawezi kumwacha Abilahi," alisema Mfaume. "Ni nahodha wa zamani yule. Ugenini wanataka uzoefu, kaka Valentini. Lukas mtoto bado."

"Na goti?" Valentini aliuliza.

"Goti ni maneno ya magazeti," Bertha akadakia. "Goti linafungwa bandeji, mtu anacheza."

Mimi nikasema viongozi wa Dar hawajali udongo wala saruji, wanapeleka wanaowajua. Nikamsifu Abilahi kwa yote niliyomponda juzi. Tulimjenga Abilahi mpaka akawa hana kasoro, na kila sifa tuliyompa tulikuwa tunamsukuma ndani ya basi lile ili Lukas ashuke. Tulijua tunachofanya. Hatukunyamaza.

Valentini alitusikiliza mmoja mmoja. Uso wake ulikuwa umepauka, lakini kwa tenisi hakuweza kujidanganya. "Kwenye udongo?" alisema. "Mpira wa Abilahi utalala. Jamani, mimi ningemchukua Lukas. Mtu yeyote anayejua angemchukua Lukas." Akainuka, akaenda upande wa pili wa kiwanja, akapiga magoti nyuma ya lile pipa la zege. Sisi tukatazama pembeni.

Yalipita masaa mawili. Kila aliyepita njiani tulimwogopa. Mama mmoja aliyebeba muhogo alitusalimu, na mimi mtu mzima nikageuza uso. Mwisho akaja Yunusu, askari tunayemfahamu, anasukuma baiskeli kwenye matope na karatasi mkononi. Alikuja polepole mno. Nilitamani kumpiga.

"Shikamoo, mzee Valentini," alisema.

Valentini, aliyekuwa amerudi benchini, akainuka.

"Lukas hakusafiri," Yunusu akasema. "Yuko Dar, mzima. Aliachwa."

Sijui nani alipiga kelele kwanza. Mfaume aliruka. Bertha alipiga kigelegele, muuguzi mzima, pale kiwanjani. Nilimkumbatia Valentini nikamwinua juu, naye alikuwa anacheka na kulia na kusema, "Kaachwa! Kaachwa mwanangu! Asante Baba!" Sijawahi kuona mtu akifurahia hivyo kuachwa kwenye timu.

Yunusu alisimama na baiskeli yake. Bertha ndiye aliyemwona, akakatiza kigelegele. "Nani, basi?" aliuliza.

Askari akatazama karatasi. "Abilahi."

Tulikaa. Mfaume alisema Innalillahi. Miezi miwili tulikuwa tumejua goti lake, hasira zake, jinsi anavyodundisha mpira mara tatu kabla ya kuanza. Bertha alipouliza kama ameacha watoto, hakuna aliyejua. Hakuna aliyejua hata kama ana mama.

Valentini alianza kutetemeka, mikono kwanza, kisha mabega. Nilidhani ni hofu ya mchana kutwa inamtoka. Nikamwambia imekwisha, mwanao mzima.

"Pale nyuma ya pipa," alisema, "sikuomba tu Lukas apone. Niliomba aliyekufa awe mwingine. Halafu nikaogopa Mungu hajanielewa, nikamtaja Abilahi."

"Valentini, acha ujinga," nilisema. "Basi limepinduka jana. Umeomba leo."

"Najua," alisema. "Lakini nilimtaja jina."