Mtaalamu wa Chini ya Meza

Wiki iliyopita, jioni moja, ndani ya basi la kutoka Flemingdon Park, huku Kanada, mama mmoja wa Bukoba alikuwa akipaza sauti kwenye simu aliyoiweka spika mpaka dereva akamtazama kwenye kioo. Binti yake anafundisha Japani, na huko ardhi ilikuwa inatikisika wakati huo huo.

"Toka nje, mwanangu! Kimbia!"

"Mama, niko chini ya meza. I'm okay, please."

"Meza! Nyumba ikianguka, meza itakusaidia nini?"

Nikashindwa kunyamaza. "Mama, mwache hapo hapo. Nimesomea jiolojia. Nyumba za huko zimejengwa ziyumbe na ardhi. Akikimbia nje ndipo vioo na vigae vitamwangukia."

Akanikagua kutoka viatu hadi kofia. "Una uhakika?"

Mabosi wa mji huu wamepokea CV yangu miaka mitatu na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Wao wanataka Canadian experience, yaani uzoefu wa kazi wa humu humu nchini, utadhani miamba ina pasipoti.

"Nina uhakika, mama."

"Haya, shika mguu wa meza!" akamwambia binti. "Kuna mtaalamu hapa." Naye akaikumbatia nguzo ya basi kwa mikono miwili, hakuiachia mpaka simu iliposema, "Mama, imetulia."

Akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Unafanya kazi wapi, mtaalamu?"

"Sina kazi, mama."

"Lete namba."

Wiki nzima hakuna bosi aliyenipigia. Yeye kapiga mara tatu: "Mtaalamu, Japani kumetulia. Wewe umekula?"